Noeli ya Mgeni: Kisiwa cha Haiti, Desemba 1492

Kila mwaka, wiki ya mwisho ya Desemba inapokaribia, wageni wengi kutoka nchi za baridi huvuka bahari ili Noeli iwakute katika visiwa vya joto. Wengine hushukia Unguja, wengine Shelisheli au Morisi, na wengine huelekea visiwa vya Karibi. Hulala chini ya minazi, huhudumiwa na watu wasiowajua majina, na baada ya siku kumi hurejea kwao na maneno mawili matatu ya lugha ya wenyeji. Hatuna ugomvi nao. Makala haya yanamhusu mgeni mwingine, ambaye Noeli ilimkuta kisiwani bila ya yeye kupenda, merikebu yake ikiwa imevunjika na mali yake imo mikononi mwa watu aliowafahamu kwa siku mbili tu.

Mgeni huyo ni Christopher Columbus, na mwaka ni 1492. Habari za merikebu zake tatu zinasomeshwa katika kila shule, hata katika nchi zetu za Maziwa Makuu. Jambo lisilosomeshwa sana ni kwamba katika Noeli ile yeye alikuwa mgeni aliyeokolewa na wenyeji wake, na kwamba baina ya pande hizo mbili hapakuwa na hata mtu mmoja aliyeielewa barabara lugha ya mwenzake. Sisi walimu wa lugha yatupasa kulitazama jambo hilo kwa karibu.

Lakini kwanza yafaa msomaji ajue habari hizi zimetoka wapi. Columbus aliandika shajara ya safari yake, na shajara hiyo imepotea. Tulicho nacho ni muhtasari ulioandikwa baadaye na Bartolomé de las Casas, mtu aliyefika kisiwani mwaka 1502, akaishi kwa jasho la wenyeji kama Wahispania wenzake, kisha mwaka 1514 akaiacha mali hiyo na kuwa mtetezi wao. Kwa hiyo tunamsikia mgeni kwa kinywa cha mtu wa pili, na mwenyeji hatumsikii kabisa ila kwa kinywa cha mgeni. Wataino, yaani watu wa kisiwa kile, hawakuwa na maandishi. Kila neno linalosemwa hapa kuwa lilitoka kwao lipimwe kwa mizani hiyo.

Columbus alitweka tanga katika bandari ya Palos tarehe 3 Agosti 1492, na tarehe 12 Oktoba akafika katika kisiwa kidogo cha Bahama ambacho wenyeji walikiita Guanahani. Yeye aliamini kuwa amefika pembeni mwa bara la Asia. Kwa ajili ya safari hiyo alikuwa amemchukua mkalimani, Luis de Torres, Myahudi aliyekuwa amebatizwa, mjuzi wa Kiebrania na Kikaldayo, na Kiarabu kidogo. Tusimcheke aliyemchagua. Mtu anayetarajia kufika kwenye masoko makubwa ya Mashariki, angemchukua mkalimani gani mwingine ila mwenye Kiarabu? Tarehe 2 Novemba, huko Kuba, Torres na mwenzake mmoja walitumwa bara kuonana na mfalme mkuu waliyemdhania kuwapo. Walikuta kijiji na watu wakarimu, wakaona jinsi watu wanavyovuta moshi wa majani yaliyosokotwa, wakarudi. Kiebrania, Kikaldayo na Kiarabu havikumfaa mtu.

Laiti safari ile ingalikuwa ya upande wetu. Miaka mitano baadaye, Vasco da Gama alipita pwani ya kusini ya Afrika wakati wa Noeli ya 1497, akaiita nchi ile Natal, maana yake siku ya kuzaliwa Bwana. Mwaka uliofuata alipofika Msumbiji, Mombasa na Malindi, mkalimani wake Fernão Martins alisema Kiarabu na akafahamika. Ugomvi ulitokea hata hivyo, tena mwingi, lakini ulikuwa ugomvi wa watu wanaojua wanagombania nini. Huko Haiti mambo yalikuwa mengine.

Columbus alikuwa amewakamata baadhi ya watu wa Guanahani ili wawe wakalimani wake, na mkononi mwake hao walikuwa wanafunzi wa lugha kwa nguvu. Lugha ya Haiti ilikaribiana na yao, kwa hiyo wao waliwaelewa wenyeji. Ila wao wenyewe walikuwa na miezi miwili tu ya Kihispania. Na Columbus alisikia alichotaka kusikia. Alipotajiwa Cubanacán, yaani sehemu za katikati ya Kuba, alidhani ametajiwa Khan Mkuu wa Wamongolia. Alipoambiwa, usiku mmoja kabla ya Noeli, kwamba dhahabu inapatikana Cibao, nchi ya ndani ya kisiwa cha Haiti, aliona kuwa hiyo ni Cipango, jina ambalo Ulaya iliiita Japani. Mwalimu yeyote aliyewahi kusahihisha zoezi la imla anaijua aina hii ya kosa: mwanafunzi haandiki alichosomewa, huandika neno analolijua tayari.

Katika pwani ya kaskazini ya Haiti palikuwa na mtawala, au kasike kwa lugha ya wenyeji, jina lake Guacanagarí, mwenye nchi iliyoitwa Marién. Tarehe 22 Desemba alituma wajumbe kwa Columbus pamoja na zawadi: mshipi wenye kinyago ambacho masikio, ulimi na pua vilikuwa vya dhahabu ya kufuliwa. Alimkaribisha mgeni afike kwake. Kwa siku mbili merikebu zilizingirwa na mitumbwi na watu waliokuja kutazama, wakileta chakula, pamba na kasuku. Alfajiri ya tarehe 24 Columbus aling'oa nanga kwenda kwa mwenyeji wake. Alikuwa na merikebu mbili tu, Santa María na Niña, kwani nahodha wa ile ya tatu, Pinta, alikuwa amejitenga naye tangu Novemba kwenda kujitafutia dhahabu.

Usiku wa mkesha wa Noeli bahari ilitulia kama maji ya bakulini. Yapata saa tano usiku Columbus alikwenda kulala; hakuwa amepata usingizi kwa siku mbili na usiku mmoja. Mshika usukani naye akaona ya nini kuteseka, akamwachia usukani mwanamaji mtoto, jambo ambalo Columbus alikuwa amelikataza safari nzima. Mkondo wa maji ukaichukua Santa María polepole na kuipandisha juu ya fungu, pole kiasi kwamba watu hawakuzinduka. Yule mtoto aliusikia usukani ukigusa chini, akapiga kelele. Columbus aliamuru mashua itoe nanga nyuma ili merikebu ivutwe, lakini, kwa maelezo yake mwenyewe, waliotumwa walikimbilia Niña kujiokoa. Alikata mlingoti mkuu ili kuipunguzia uzito. Haikufaa. Mbao zilifunguka na maji yakaingia. Hivyo ndivyo siku ya Noeli ilivyowapambazukia.

Columbus alituma watu wawili, Diego de Arana na Pedro Gutiérrez, kwa Guacanagarí kumwarifu. Shajara inasema mtawala yule alilia aliposikia, akatuma watu wake wote na mitumbwi mikubwa, na kwa muda mfupi shehena yote ikashushwa. Yeye mwenyewe na ndugu zake walisimamia kazi, merikebuni na ufukoni. Alitoa nyumba za kuhifadhia mali, akaweka walinzi usiku kucha, na akawa akituma jamaa zake mmoja baada ya mwingine kumtuliza mgeni asihuzunike. Columbus aliandika kuwa hakikupotea hata kipande cha ukamba wa kufungia nguo. Akaongeza kwamba hapana watu bora kuliko hawa duniani, kwamba wanawapenda jirani zao kama nafsi zao, na kwamba usemi wao ni mtamu na wa upole kuliko wote. Hayo aliyasema mtu ambaye hakuuelewa usemi wenyewe.

Hebu tusimame kidogo hapo. Katika pwani nyingi za ulimwengu wa wakati ule, Ulaya ikiwamo, chombo kilichovunjika kilikuwa halali ya mwenye pwani. Guacanagarí angeweza kuchukua kila kitu, na mgeni wake asingekuwa na la kufanya.

Tarehe 26 alikuja kumfariji Columbus ndani ya Niña, na siku hiyo walikula pamoja. Mtawala alivaa shati na glavu alizopewa zawadi, na zile glavu zilimfurahisha kuliko vyote. Alipokwisha kula alinawa mikono na kuisugua kwa majani. Chakula alichowaandalia wageni nchi kavu kilikuwa viazi vya aina mbalimbali, kamba wa baharini, nyama ya mwituni, na mkate ambao wenyeji waliuita kasabi. Msomaji wa Bujumbura au wa Bukavu ataufahamu mkate huo mara moja akielezwa ulivyotengenezwa, kwani ulikuwa wa muhogo. Wataino walikuna muhogo mchungu, wakaukamua sumu yake ndani ya mfuko mrefu uliosukwa, kisha wakauoka juu ya kigae kipana. Sisi huuloweka na kuuanika, lakini maarifa ni yaleyale: kukitoa kifo ndani ya chakula. Zao hilo lilitufikia baadaye kwa mikono ya Wareno kutoka Brazili, na leo ni vigumu kuwaza shamba la kwetu bila hilo. Ni jambo la kutafakariwa kwamba Mzungu alikutana na muhogo akiwa mgeni mezani.

Siku zile zile biashara ilichangamka. Wenyeji walileta vipande vya dhahabu na kutaka njuga, yaani vile vikengele vidogo ambavyo Wahispania waliwafunga vipanga wao wa kuwindia. Watu waliokuja na mitumbwi walizitaja njuga kwa kuigiza mlio wake, na walikuwa tayari kutoa dhahabu kwa ajili ya njuga moja tu. Naomba msomaji aziweke njuga hizi akilini, maana tutakutana nazo tena.

Na hapo ndipo mawazo ya mgeni yalipoanza kubadilika. Huzuni ya tarehe 25, ilipofika tarehe 26, ilikuwa imegeuka kuwa hoja. Columbus aliandika kwamba Mungu mwenyewe ndiye aliyeipandisha merikebu juu ya fungu, ili yeye aache watu mahali pale. Aliamuru ijengwe ngome kwa mbao za merikebu iliyovunjika, yenye mnara na handaki. Aliiita La Navidad, yaani Noeli. Alitumaini kwamba atakaporudi atakuta pipa zima la dhahabu, na kwamba utajiri huo utatumika kuiteka Yerusalemu. Katika kurasa zile zile ambamo aliwasifu wenyeji kwa wema wao, aliandika pia kuwa ni watu wafaao kuamrishwa, kufanyishwa kazi na kulimishwa. Sidhani kwamba alijiona ana nyuso mbili. Kwake yeye wema wao na ufaafu wao kwa utumwa vilikuwa jambo moja.

Guacanagarí naye alikuwa na hesabu zake. Vitabu vingi vya zamani humwonyesha kama mtu mjinga wa kustaajabia njuga, na mimi siafiki. Alikuwa mtawala mmoja kati ya watawala wakubwa watano wa kisiwa, na wengine walimzidi nguvu. Tena watu wake walilalamikia mashambulizi ya Wakaribi kutoka visiwa vingine. Columbus alimwonyesha upinde wa Kituruki, kisha akaamuru mzinga na bunduki vipigwe, na wenyeji wote wakaanguka chini kwa mshindo. Baadaye, tarehe 2 Januari 1493, aliupiga mzinga kwenye mbavu za merikebu yake mwenyewe iliyokwama, na jiwe likatoka upande wa pili na kuangukia mbali baharini. Maana ya maonyesho hayo ilikuwa mbili. Mgeni alitaka kutisha. Mwenyeji aliona silaha ya kumlinda na adui zake. Kila mmoja alielewa nusu yake, na kwa kuwa hapakuwa na mkalimani wa kuziunganisha nusu hizo, wote wawili waliagana wakiwa radhi.

Wahenga wetu husema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Na husema pia kwamba mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Watu 39 waliobaki La Navidad tarehe 4 Januari 1493, Columbus alipoondoka na Niña, walipewa mkate na divai ya mwaka mzima, mbegu za kupanda, mashua, na bidhaa za kubadilisha kwa dhahabu. Kati yao walikuwamo seremala, mshona nguo, tabibu na fundi wa mizinga. Diego de Arana aliwekwa kuwa mkuu wao. Hata Luis de Torres mkalimani alibaki. Jembe hatuoni kwamba walilishika.

Columbus alirudi mwaka ule ule, sasa akiwa na merikebu 17 na watu zaidi ya 1,000. Alifika mbele ya La Navidad usiku wa kuamkia tarehe 28 Novemba 1493, akapiga mizinga ili ngome imjibu. Hapakuwa na jibu. Kulipokucha walikuta majivu, na nje kidogo maiti zilizokwisha kuota majani. Wote 39 walikuwa wamekufa, na Noeli ya pili haikuwakuta.

Habari iliyotolewa na Guacanagarí na watu wake ni kwamba wageni waligombana wao kwa wao juu ya dhahabu na wanawake, kila mmoja akitwaa wanawake kadiri alivyotaka. Wengine waliachana na Arana, wakaingia bara kutafuta machimbo ya Cibao, wakaangukia katika nchi ya Caonabo, kasike wa Maguana. Huyu aliwaua, kisha akashuka pwani kuichoma ngome pamoja na kijiji cha Guacanagarí. Guacanagarí alijilaza na mguu uliofungwa, akisema ameumizwa kwa kuwatetea wageni wake. Daktari Diego Álvarez Chanca alimfungua bandeji na hakuona jeraha. Padre mkuu wa msafara akashauri akamatwe. Columbus alikataa.

Je, Guacanagarí alisema uongo? Wanahistoria hawajakubaliana. Mtu anaweza kuumizwa kwa jiwe na alama isionekane, na majivu ya kijiji chake mwenyewe yalikuwa ushahidi wa upande wake. Lakini hata tukisema aliigiza kuumwa, yatupasa tuulize aliogopa nini. Alikuwa amewakabidhiwa watu 39 na amewapoteza wote. Mbele yake zilikuwa merikebu 17 zenye mizinga aliyoijua. Kama angekuwa na lugha, angeweza kueleza jinsi wageni walivyoivunja adabu ya ugeni mmoja baada ya mwingine, hadi wenyeji wakachoka. Alikuwa na bandeji tu.

Alibaki upande wa Columbus hata vita vilipozuka, na mwaka 1495 watu wake walikwenda pamoja na Wahispania kupigana na makasike wengine. Mwaka huo huo Columbus aliweka kodi. Kila mtu wa nchi ya dhahabu, kuanzia umri wa miaka 14, alitakiwa kuleta kila baada ya miezi mitatu dhahabu ya kujaza njuga moja. Wasio na dhahabu walitoa pamba. Chombo cha kupimia kilikuwa ile ile njuga ya vipanga. Kile ambacho siku ya Noeli ya 1492 kilitolewa kwa kicheko, mtu akipokea na mtu akitoa, sasa kilikuja kudai. Dhahabu ya kiasi hicho haikuwapo mitoni, na watu walikimbilia milimani, wakaacha mashamba, wakafa njaa. Guacanagarí naye hakusamehewa kodi kwa ajili ya wema wake. Las Casas anasema alikufa milimani, amefukuzwa na Wahispania kwa upande mmoja na kuchukiwa na wenzake kwa upande wa pili.

Idadi ya Wataino kabla ya 1492 ni jambo lenye ubishi mkubwa. Wako wanaosema laki moja, na wako wanaosema mamilioni. Walipohesabiwa mwaka 1514 ili kugawanywa kwa mabwana, walikuwa yapata 26,000. Ndui ilifika mwishoni mwa 1518. Kufikia katikati ya karne, mwandishi Gonzalo Fernández de Oviedo alikadiria kuwa hawakuzidi 500, ingawa utafiti wa siku hizi unaonyesha kwamba wengine walijificha au walichanganyika na wageni, na damu yao imo hadi leo.

Desemba iliendelea kuwa mwezi wa mambo mazito katika kisiwa kile. Jumapili tarehe 21 Desemba 1511, siku nne kabla ya Noeli, mtawa wa Kidominiko Antonio de Montesinos alipanda mimbarani mjini Santo Domingo, mbele ya wakubwa wa koloni, akawauliza ni kwa haki gani wanawatumikisha wenyeji hivyo, na kama wao si wanadamu. Waliokuwapo walikasirika mno. Swali lile lilifika hadi Hispania na likazaa Sheria za Burgos, zilizotiwa sahihi tarehe 27 Desemba 1512, sheria ambazo kisiwani hazikufuatwa sana.

Pengo lililoachwa na waliokufa lilijazwa kwa Waafrika. Kwenye shamba la miwa la Diego Colón, mwana wa Columbus, karibu na Santo Domingo, watumwa wa Kiafrika, wengi wao Wawolofu, waliinuka siku ya pili ya Noeli ya 1521. Bila shaka walichagua siku hiyo kwa kuwa mabwana walikuwa katika sherehe. Uasi wao ulizimwa kwa ukali, na ndio wa kwanza wa watumwa wa Kiafrika katika Amerika tunaoujua vyema. Sehemu ya magharibi ya kisiwa baadaye ilishikwa na Wafaransa, wakaileta huko maelfu ya watu waliotekwa, wengi wakiwa wa Kongo. Watu hao walipojikomboa na kutangaza uhuru tarehe 1 Januari 1804, walilikataa jina la Kifaransa, wakalirudisha jina la Kitaino: Haiti, nchi ya milima. Wapo wazee katika Kongo waliofundishwa na walimu wa Haiti waliokuja baada ya uhuru wa 1960, na huenda hawakuambiwa kwamba jina la nchi ya walimu wao ni neno la watu walioitwa wametoweka.

Kuhusu lugha yenyewe, msomaji atataka kujua imekwenda wapi. Kitaino hakisemwi tena. Mwaka ule ule wa 1492, mwezi Agosti, Antonio de Nebrija alichapisha mjini Salamanca sarufi ya Kihispania, na katika dibaji yake akaunganisha wazi lugha na utawala. Miaka michache baadaye alitoa kamusi, na ndani yake akaingiza neno canoa, mtumbwi, neno la kwanza la Amerika kuandikwa katika kamusi ya Ulaya. Hivyo lugha ilikuwa inakufa huku maneno yake yakisafiri. Baadhi yamefika kwetu kwa njia ya Kireno. Mbatata ya Waunguja ni batata ya Haiti. Papai asili yake ni huko huko Karibi. Tumbaku nayo wataalamu wengi huirudisha kwa Wataino, ingawa wako wanaodai kuwa Wahispania walikuwa na neno linalofanana nalo lenye asili ya Kiarabu. Mwalimu anayetafuta somo la maneno ya kukopa hana haja ya kwenda mbali. Aanze sokoni, kwenye fungu la mapapai.

Mahali penyewe pa La Navidad pamesakwa kwa muda mrefu. Katika miaka ya 1970 mmisionari tabibu, William Hodges, aligundua mabaki ya mji mkubwa wa Kitaino huko En Bas Saline, karibu na mji wa Cap-Haïtien, na kuanzia mwaka 1983 Kathleen Deagan na wenzake wa Chuo Kikuu cha Florida walichimba hapo. Wengi huamini kuwa ndipo palipokuwa mji wa Guacanagarí. Mwaka 2014 mzamiaji mmoja wa Marekani alitangaza kuwa ameiona Santa María baharini. Wataalamu wa UNESCO walikwenda kukagua, wakakuta misumari ya shaba inayoonyesha kuwa ni chombo cha nyakati za baadaye. Merikebu haijapatikana, na huenda haitapatikana, kwa kuwa mbao zake zilibomolewa kujengea ngome na ngome ikachomwa. Katika udongo wa En Bas Saline, chini ya vigae vya kuokea mkate wa muhogo na makaa ya moto wa zamani, wachimbaji walipata jino la nguruwe na mifupa ya panya wa Ulaya, wanyama ambao hawakuwapo kisiwani kabla ya Noeli ile.